Daktari Amekutukana? Namna ya Kudai Fidia Ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Haipiti wiki sijaulizwa swali hili. Juzi alikuwa kijana wa Uyole, kabla yake mama wa Mafinga aliyepiga simu huku analia: "Daktari kanitukana mbele za watu. Nifanyeje nilipwe?" Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mbeya, si wakili. Majibu nimeyarudia kwa mdomo mpaka nikaona niyaandike yakae mahali pamoja. Soma hadi mwisho kabla hujaandika barua yoyote, maana wengi huharibu madai yao ndani ya wiki ya kwanza.

Nianze na jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Tusi la daktari linauma kuliko la mtu wa barabarani, kwa sababu limekukuta umelala au umeinama, huna nguvu ya kujibu, na bado unamhitaji huyohuyo akutibu. Katiba yetu, Ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na mgonjwa haachi utu wake getini. Hata hivyo mahakama hailipi uchungu peke yake. Itauliza alisema maneno gani hasa, nani mwingine aliyasikia, na yalikugharimu nini. Ukiwa na majibu, una madai ya fidia. Ukiwa na hasira tu, una malalamiko. Nayo yana mlango wake, nitakuonyesha.

Andaa haya kabla hujaanza

- Karatasi uliyoandika maneno yaliyosemwa (hatua ya 1 inaeleza).
- Kadi ya kliniki, cheti au daftari la matibabu la siku hiyo, na risiti ya malipo. Hivi vinathibitisha kwamba ulikuwepo.
- Majina na namba za simu za watu wawili au zaidi waliosikia. Ndugu aliyekusindikiza anafaa, ila mtu asiyekujua ana uzito zaidi.
- Jina la mhusika. Kama hulijui, andika siku, saa, chumba au wodi, na zamu. Ratiba ya zamu ipo, jina litapatikana.
- Kitambulisho chako.
- Risiti za kila hela iliyokutoka kwa sababu ya jambo hilo: nauli, matibabu ya kwingine, ushauri nasaha.
- Faili moja la karatasi, na hela ya kutoa kopi. Usimpe mtu yeyote karatasi halisi.

Hatua ya 1. Andika maneno siku hiyohiyo, kama yalivyotamkwa

Usiandike "alinitolea lugha chafu". Andika tusi lenyewe, hata kama mkono unatetemeka na unaona aibu. Nina mfano ninaoukumbuka sana. Mama mmoja anayeuza ndizi pale Mwanjelwa alikwenda zahanati binafsi akiwa na maumivu ya tumbo. Daktari alisoma majibu ya maabara akiwa amesimama mlangoni, wagonjwa wamejaa kwenye benchi, akasema kwa sauti: "Haya magonjwa ni ya wanawake wanaolala na kila dereva anayepita." Mama alirudi nyumbani, akachukua daftari la mwanae la hesabu, akaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa nyuma, saa, rangi ya shati la daktari, na nani alikuwa amekaa wapi. Chini akaweka tarehe na saini. Ukurasa ule wenye mistari ya miraba ndio uliobeba kila kitu kilichofuata. Baada ya miezi mitatu, waliosikia walikuwa kila mmoja anakumbuka kivyake, lakini ukurasa ulibaki vilevile.

Kama hujui kuandika, mwambie unayemwamini aandike huku unasema, asome kwa sauti, kisha weka dole gumba.

Hatua ya 2. Pima maneno yenyewe

Hapa ndipo nakaa na mtu kwa muda mrefu kuliko kwingine kote, na wewe ukae hapa. Maneno mabaya hayafanani mbele ya sheria.

Kuna ukali ambao hauna kesi. "Mtoto ana homa siku tano, ulikuwa unasubiri nini?" Inachoma, hasa kama umetembea kutoka Igurusi hujapata nauli, lakini ni swali la matibabu lililoulizwa vibaya. Kaliandikie barua ya malalamiko ukitaka. Fidia hutaipata.

Kuna tusi tupu. Wajawazito wengi wameambiwa lile neno la leba, "wakati unaitafuta hukupiga kelele". Huo ni udhalilishaji na ni kosa la nidhamu, ulalamikie bila kusita. Kwa fidia, peke yake ni dhaifu. Ila angalia kilichofuata. Kama mama aliondoka wodini kwa sababu ya maneno hayo, au alinyamaza asiite msaada, akajifungua bila kuhudumiwa na yeye au mtoto akaumia, basi madai yako si ya tusi tena. Ni ya uzembe, na tusi linakuwa ushahidi wa jinsi uzembe ulivyotokea. Tofauti hii imewapita watu wengi wanaokuja kwangu wakizungumzia tusi, kumbe wana jambo kubwa zaidi mkononi.

Halafu kuna kashfa, yaani maneno ya uongo yanayokushushia heshima yakisikiwa na mtu mwingine. Kwa kashfa ya mdomo, kwa kawaida unatakiwa kuthibitisha hasara ya fedha. Sheria inakusamehe mzigo huo maneno yakiwa ya aina chache: kwamba umetenda kosa la jinai la kufungwa, kwamba una ugonjwa wa kuambukiza unaofanya watu wakukimbie, kwamba mwanamke ni mwasherati, au kwamba hufai kwa kazi yako. Maneno aliyoambiwa mama wa Mwanjelwa yaligusa mbili kati ya hizo kwa sentensi moja.

Mambo mawili yanaweza kuangusha kashfa. La kwanza, kama mlikuwa wawili tu chumbani, hakuna kashfa, hata neno lingekuwa baya kiasi gani. La pili, daktari akimweleza muuguzi au daktari mwenzake kuhusu hali yako kwa ajili ya matibabu, hapo yuko kazini na sheria inamlinda, ilimradi hana nia mbaya.

Mwisho, kuna siri iliyotolewa. Daktari akitangaza hali yako ya VVU kwenye korido, haijalishi ni kweli au uongo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu na inakataza unyanyapaa. Kwa magonjwa mengine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Usiache wakili wako aegemee kashfa pekee kama kiini cha jambo ni siri.

Hatua ya 3. Jua aliyesema ni nani, na kituo ni cha nani

Sisi kila mwenye koti jeupe tunamwita daktari. Kwenye barua hiyo ni hatari. Daktari na tabibu wanasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi na mkunga wana baraza lao, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Ukikosea baraza, barua itazunguka miezi.

Mwenye kituo naye ana maana kubwa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya za serikali ziko chini ya halmashauri. Hospitali ya rufaa ya mkoa na ile ya kanda ziko chini ya Wizara ya Afya. Nyanda za Juu Kusini tuna pia hospitali nyingi za makanisa, na hapo wengi huteleza: jina lililoandikwa getini mara nyingi si chombo kinachoweza kushtakiwa. Anayeshtakiwa ni bodi ya wadhamini waliosajiliwa ya dayosisi, jimbo au shirika linaloimiliki. Tena baadhi ya watumishi wa hospitali hizo wanalipwa mshahara na serikali. Uliza mapema mhusika ameajiriwa na nani, kwa sababu mwajiri ndiye anayebeba dhima ya kile mtumishi alichofanya akiwa kazini, na ndiye mwenye uwezo wa kulipa.

Hatua ya 4. Andika barua ya malalamiko

Fanya hivi ndani ya wiki mbili. Kwa zahanati, kituo cha afya au hospitali ya mkoa mwandikie Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo hicho. Kwa hospitali ya kanda, Mkurugenzi Mtendaji. Nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Usitumbukize kwenye sanduku la maoni, maana sanduku halikupi muhuri. Barua iwe ya ukurasa mmoja, mfano:

*"Tarehe 12 Juni, saa 4 asubuhi, chumba namba 3, nilihudumiwa na daktari ambaye jina lake sikulifahamu. Mbele ya wagonjwa wengine alitamka maneno haya: '...' Waliosikia ni wafuatao: ... Naomba: (a) jina la mhusika, (b) uchunguzi wa jambo hili, (c) majibu ya maandishi ndani ya siku 14, (d) nakala ya kumbukumbu zangu za matibabu za siku hiyo."*

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Masjala wakikataa kugonga muhuri, tuma kwa EMS na utunze risiti ya Posta. Ombi la (d) usilisahau, ni bora upate kumbukumbu zako kabla mambo hayajawa magumu.

Ukiona barua ni mlima, anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, au tuma kwa e-Mrejesho kupitia *152*00#. Lakini barua bado uiandike.

Hatua ya 5. Chagua mlango, au milango

Baraza la taaluma linashughulikia nidhamu. Linaweza kuonya, kusimamisha, hata kufuta jina la mtu kwenye rejista. Usiende kule ukitarajia hela. Nenda kwa sababu uamuzi wake unaweza kukusaidia baadaye, na kwa sababu mgonjwa anayekufuata anastahili kulindwa.

Polisi: kutumia lugha ya matusi kwa namna inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani ni kosa chini ya kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu. Utafunguliwa jalada na kupewa namba ya RB. Hiyo ni jinai, na adhabu ni ya serikali, haiingii mfukoni mwako.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma, bure.

Fidia inadaiwa mahakama za madai, au kwa makubaliano kabla ya kufika huko. Milango hii haifungani, unaweza kupita zaidi ya mmoja.

Hatua ya 6. Hesabu hasara

Gawa makundi mawili. La kwanza ni hasara mahsusi, ile yenye risiti na tarakimu. Hii lazima itajwe moja moja kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Shilingi usiyoweza kuithibitisha, iache. La pili ni fidia ya jumla, yaani maumivu, aibu, heshima iliyoshuka. Hii inakadiriwa na hakimu au jaji mwenyewe.

Mama wa Mwanjelwa alikuwa na daftari la mauzo. Alikuwa anaandika mikungu kwa vijiti, kijiti kimoja mkungu mmoja. Kabla ya siku ile, vijiti vinne au vitano kwa siku. Wiki iliyofuata, kimoja, siku nyingine hakuna, kwa sababu wawili kati ya waliokaa kwenye benchi walikuwa wanawake wa sokoni na habari ilimtangulia kibandani. Mwenye zahanati alipoonyeshwa kurasa hizo hakubisha sana.

Kuhusu kiasi: watu huja na milioni mia mbili vichwani. Dai kubwa lisilo na msingi humfanya hata mwenye nia ya kusuluhisha afunge mlango.

Hatua ya 7. Peleka barua ya madai, au notisi ya siku 90

Kituo binafsi au cha kanisa: wakili anaandika barua ya madai, kwa kawaida anatoa siku 14 au 21. Mambo mengi huishia hapa. Mama wetu yaliisha hivyo. Alilipwa hasara ya biashara na gharama za kutibiwa kwingine, na daktari akamwomba radhi mbele ya wahudumu wote wa zahanati. Aliniambia radhi ile ilimpa usingizi kuliko hela.

Kituo cha serikali: Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali inakutaka utoe notisi ya siku zisizopungua 90 kabla ya kufungua shauri. Inakwenda kwa wizara, idara au halmashauri husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na mimi huwashauri watu waweke nakala ya Wakili Mkuu wa Serikali pia. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, halmashauri nazo zimo, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri. Ukimwacha, shauri linaharibika lote.

Hatua ya 8. Fungua shauri

Madai dhidi ya serikali yanafunguliwa Mahakama Kuu, na kwetu huku zipo Mbeya na Iringa. Dhidi ya mtu au kituo binafsi, Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ilimradi kiasi unachodai kiwe ndani ya mamlaka yake. Usiyapeleke Mahakama ya Mwanzo kwa sababu tu iko karibu na nyumbani. Utaambiwa haina mamlaka baada ya kupoteza mwaka. Shauri litapita kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa, nenda na moyo wa kuzungumza. Tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo dai usomewe ulielewe kabla hujatia saini. Na ujue kwamba ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili.

Kuhusu muda: madai ya aina hii kwa kawaida yana miaka 3. Lakini kwa jambo lililofanywa katika kutekeleza sheria iliyoandikwa, ukomo ni mwaka 1, na upande wa serikali unaweza kuing'ang'ania hoja hiyo. Hesabu mwaka mmoja, na zile siku 90 za notisi ziwe ndani ya mwaka huohuo.

Makosa yanayoua madai

*Kumwanika daktari kwenye grupu la WhatsApp.* Najua unavyojisikia. Ila ukimtaja jina na kuongeza chumvi kidogo tu, anayedai kashfa atakuwa yeye.

*Kumfuata daktari na kumwambia "nipe milioni mbili nisikushtaki".* Hilo linaweza kugeuzwa kuwa kosa lako. Hela inadaiwa kwa barua, kwa mwajiri.

*Kumjibu tusi kwa tusi.* Kama ulishajibu, mwambie wakili wako ukweli mapema, asije akalisikia kwa upande wa pili.

*Kutia saini karatasi ya "tumemalizana"* ukiwa bado umelazwa, ili tu upewe ruhusa ya kuondoka. Omba uende nayo nyumbani uisome.

*Kusambaza rekodi ya simu.* Kama unayo, iache kwenye simu ileile, usiikate, usiitume. Humo ndani kuna sauti za wagonjwa wengine.

*Kumpa hela wakili kishoka.* Mawakili halali wanapatikana kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Tafuta jina kabla ya kulipa.

Ukikwama

*Siku 14 zimepita, kimya.* Andika barua ya pili fupi, ambatisha kopi ya ile yenye muhuri, panda ngazi moja: kutoka kwa Mfawidhi kwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri, au Mganga Mkuu wa Mkoa. Kimya chao kitunze, nacho ni ushahidi.

*Wanasema kumbukumbu zako hazionekani.* Omba wakuandikie hivyo. Mara nyingi, ukiomba maandishi, faili linaonekana.

*Shahidi amerudi nyuma.* Hutokea sana, hasa vijijini ambako zahanati ni moja na yeye atamleta mwanae kesho kutwa. Usimgombeze. Mwombe aandike tu alichosikia, au mtafute mwingine aliyekuwa kwenye foleni. Daftari la mapokezi la siku hiyo lina majina, na wakili anaweza kuiomba mahakama liletwe.

*Huna hela ya wakili.* Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako uulize watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, au Chama cha Wanasheria wa Tanganyika hapa Mbeya. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 msaada huo ni bure. Wasaidizi kama mimi tunakuandalia karatasi na kukuelekeza, lakini kukusimamia mahakamani haturuhusiwi.

*Uliombwa hela ndipo tusi likafuata ulipokataa.* Hiyo ni rushwa. Piga TAKUKURU, 113, kabla ya barua nyingine yoyote.

*Unaogopa kurudi kutibiwa palepale.* Usikatishe dawa kwa sababu ya kesi. Mwandikie Mfawidhi uombe kuhudumiwa na mwingine, au uombe rufaa. Mpaka ujibiwe, nenda na mtu mzima mmoja wa kwenu, aingie nawe chumbani, na kadi yako uishike mwenyewe.